Dole la Kuazima

Mashine ililikataa dole la Verediana tena. Taa nyekundu ikawaka, na kijana wa usajili, Adrian, akakifuta kioo cha mashine kwa pindo la fulana yake kana kwamba ubaya ulikuwa wa kioo.

"Paka mate kidogo, mama. Halafu bonyeza taratibu, usilisukume."

Verediana akapaka mate. Dole lenyewe lilikuwa limekomaa kama kisigino, jeusi kwa utomvu wa chai usiotoka hata kwa sabuni ya mche, na limepasukapasuka kila upande. Alikuwa akichuma chai kwenye mashamba ya kampuni tangu hajaolewa. Akabonyeza. Taa nyekundu. Wakajaribu la mkono wa kushoto, wakajaribu kidole cha shahada, wakaenda hivyo mpaka kidole cha mwisho. Kila kimoja kilipokataliwa, wanawake waliokuwa nyuma yake kwenye foleni walitazama vidole vyao wenyewe, wakavificha ndani ya khanga.

Severina alikuwa amekaa pembeni juu ya tofali, na wala hakuwa na kazi pale. Laini yake ilikuwa imesajiliwa asubuhi, mguso mmoja tu, taa ya kijani. Alibaki kwa sababu nyumbani hakukuwa na mtu wa kumwuliza amechelewa wapi. Mumewe aliangukiwa na gogo kwenye kiwanda cha mbao kule Mafinga. Hawakujaliwa mtoto. Tangu amzike, Severina alikuwa akiishi na cherehani yake katika nyumba ya vyumba viwili, kwenye kijiji kimoja juu ya Igowole ambako baridi ya Juni inaingia mpaka ndani ya blanketi. Watu walimwita Fundi. Walimletea sare za watoto, zikiwa tayari wakazichukua, wakaenda zao.

Habari ya kusajili laini ilikuwa imetangazwa redioni mpaka watu wakaichoka: laini ambayo mwenyewe hajaiwekea dole ingezimwa. Isingekuwa neno, kwani simu si ugali, mtu anaweza kuishi bila hiyo. Lakini kampuni ya chai ilikuwa imeacha kulipa watu mkononi. Siku hizi ujira uliingia kwenye simu, na asiye na simu alichuma bure. Kiongozi mmoja alikuja kutoka wilayani, akasimama chini ya mnara mpya wenye uzio wa seng'enge, akawaeleza wananchi kwamba mkongo wa mawasiliano umeshapita barabara kuu, kwamba sasa wamo ndani ya uchumi wa kidijitali na hakuna atakayeachwa nyuma. Wakampigia makofi. Hakuna aliyemwuliza dole lililoliwa na chai litaingiaje humo, maana siku ile hakuna aliyejua kwamba limeliwa.

Adrian hakuwa kijana mbaya. Alikuwa ametumwa na kampuni iliyopewa kazi na kampuni nyingine, naye alilipwa kwa laini iliyokubali tu. Iliyokataa ilikuwa hasara yake. Aliitazama foleni ile ya wachuma chai, akaona siku inamharibikia mbele ya macho yake.

"Sikilizeni mama zangu," akasema. "Mtandao hauulizi nani anaongea. Unauliza dole na kitambulisho cha taifa, basi. Mkipata mtu mmoja mwenye dole safi, nawasajili wote hapahapa."

Mwanamke mmoja akauliza kama hilo haliwezi kuwaletea matatizo. Adrian akamjibu kwamba ni kweli kuna kikomo cha laini kwa mtu mmoja, ila yeye alikuwa na mitandao yote pale mezani, angejua namna ya kuzigawanya. Tena akaongeza kwamba huko kwingine watu wanafanya hivyohivyo, na hajasikia mtu ameumwa na kitu.

Hakuna aliyetaja jina la Severina. Waligeuka tu, mmoja baada ya mwingine, wakamtazama. Severina akaitazama mikono yake, mikono ya kushika kitambaa na sindano, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akaona kwamba ana kitu ambacho wenzake hawana. Kwa watu wale jambo lenyewe halikuwa na utata wowote. Jembe la jirani huazimwa. Siku ya mgowe kijiji kizima kinaingia kwenye shamba la mtu mmoja, kinalima mpaka kinamaliza, na mwenye shamba hadaiwi kitu zaidi ya pombe ya ulanzi na maneno mazuri. Sasa kama mgongo wa mtu unaazimwa, dole ni nini? Akasimama, akakung'uta gauni lake, akaenda mezani.

"Kamwene, Mama Tadeo," akamsalimu Verediana. "Sogea kidogo nikubonyezee."

Wanawake wakacheka wote, na kile kicheko kikamwingia Severina mpaka kwenye mifupa. Akabonyeza kwa ajili ya Verediana, akabonyeza kwa ajili ya aliyefuata, na taa ikawa ya kijani mpaka foleni ikaisha.

Tangu siku ile nyumba yake ikaanza kuwa na watu. Aliyepoteza simu alikuja kumwomba wafuatane kwa Adrian kurudisha namba yake. Aliyesahau namba ya siri alikuja. Hawakuja mikono mitupu. Huyu mahindi mabichi, yule kuni, mwingine viazi vilivyofungwa kwenye kitenge. Watoto wakafundishwa kumwita shangazi. Siku ya Krismasi aliletewa sahani nyingi kuliko alivyoweza kula, akazipanga zote mezani, akakaa kuzitazama kabla hajagusa hata moja. Zaidi ya wote alikuja Verediana. Jioni akitoka shambani alipita hapo, akatua kikapu, akavua mabuti, wakasonga ugali mmoja na kuula pamoja huku wakisema watu. Severina alifurahi, na hakuna namna nyingine ya kulieleza hilo.

Ilikuwa kwenye jioni moja ya namna hiyo Verediana alipomwomba laini ya pili, ya akiba. Severina alifuatana naye kwa Adrian bila kuuliza ni ya nini. Baadaye ndipo akasikia kwamba ameichukua Tadeo, mtoto wa kiume wa Verediana, aliyekwenda Makongolosi kutafuta dhahabu. Mama alimpa ili awe anapiga nyumbani. Alipiga siku za mwanzo, kisha akanyamaza. Wengine walisema ameipoteza, wengine walisema ameiuza. Kule machimboni, laini yenye jina la mtu mwingine ni mali, na wanunuzi hawakosekani.

Polisi walikuja mchana pamoja na mtendaji wa kijiji, wakamkuta Severina anapinda sketi ya shule. Walikuwa na adabu. Walimweleza kwamba kuna namba yenye jina lake imetapeli watu Chunya na Mbeya. Mtu alipigiwa simu akaambiwa ndugu yake amelazwa, anahitaji damu, atume pesa haraka. Wengi walitapeliwa na mafaili yao yakalala. Safari hii alikuwa ametapeliwa mtu mkubwa, kwa hiyo faili lilitembea. Wakamwambia afunike cherehani na achukue sweta. Gari lilipopita kwenye kituo cha kupimia chai wanawake walikuwa bado na vikapu mgongoni. Severina alinyoosha shingo dirishani ili wamwone, na wakamwona.

Huko Mbeya mjini alipelekwa kwenye chumba chenye meza na kompyuta. Afande alikuwa mtu wa makamo, shati lake limepigwa pasi vizuri hata Severina akajikuta anauangalia mshono wa kola. Akamgeuzia kioo cha kompyuta. Jina lake, Severina Kalinga, lilikuwa limejipanga kutoka juu mpaka chini, na kando ya kila jina namba.

"Mama, wewe una kampuni?"

"Hapana, afande."

"Una laini kuliko ofisi hii. Za nini?"

"Za majirani. Wao mashine haiwasomi. Wanachuma chai."

"Nakuuliza laini, unaniambia chai."

"Chai inakula vidole, afande. Ngozi inaisha. Wakibonyeza inawaka nyekundu, na kampuni hailipi mtu asiye na simu."

Afande akaandika kwa muda mrefu. Severina akatulia, akidhani habari ya chai ndiyo inayoandikwa. Aliposomewa maelezo yake akasikia kwamba mtuhumiwa amekiri laini zote zimesajiliwa na yeye mwenyewe, kwa hiari yake, akiwa na akili timamu. Chai haikuwemo.

"Mimi sijasema ni zangu," akasema.

"Dole ni la nani?"

"Langu."

"Basi."

Kisha afande akaegemea kiti, sauti ikawa ya upole, na upole huo ndio uliomtisha Severina. Alimweleza kwamba anataka kumsaidia. Kutumia laini iliyosajiliwa na mtu mwingine nalo ni kosa, kwa hiyo hayuko peke yake. Amtajie tu namba ile ya utapeli alimpa nani, na yeye atakuwa shahidi, atarudi kwake. Asipomtaja, namba ni yake na utapeli ni wake.

Severina alijua. Namba ile aliikumbuka vizuri, na jioni ile aliikumbuka, na mabuti ya Verediana pale mlangoni. Alimwona Verediana ameletwa kukaa kwenye kiti hiki, anaulizwa na sauti hii. Halafu akajiona yeye mwenyewe amerudi kijijini, salama, mlango uko wazi na hakuna anayetua kikapu. Si ujasiri uliomfunga mdomo. Alikuwa anauogopa ukimya wa nyumba ile kuliko alivyowaogopa polisi.

"Sikumbuki, afande."

"Unakumbuka vizuri sana," afande akasema bila hasira. "Haya. Nitaomba zifungwe zote. Mwenye yake atajitokeza mwenyewe."

Mahabusu wenzake walikuwa na watu wao. Asubuhi mlango uligongwa, jina likaitwa, na mwanamke mmoja akainuka kwenda kupokea chupa ya uji kutoka kwa dada yake. Severina naye aliinuka kila mlango ulipogongwa. Alijiambia kwamba hawajapata habari, halafu akakumbuka gari na vikapu. Akajiambia kwamba Mbeya ni mbali. Akajiambia kwamba wanachangishana, na shughuli za kuchangishana zinachukua muda, watakuja kwa pamoja na Verediana akiwa mbele. Alikuwa hata amefikiria atakavyomwambia: usiwe na wasiwasi mwenzangu, sijasema kitu.

Aliyekuja ni Jailos, mdogo wa marehemu mumewe, mtu asiyependa maneno. Aliweka dhamana, akatia sahihi alikoambiwa, akamtoa nje. Walipofika kivulini alimweleza wazi kwamba cherehani ameiuza. Asingeweza kufika Mbeya wala kupata mdhamini wa pili vinginevyo. Severina akaitikia tu kwa kichwa. Akamwuliza watu wa kijijini hawajambo.

"Hawajambo, ila simu zote zimezimwa. Siku moja tu, zote. Na ujira wa mwezi ulikuwa umeshaingia humo."

"Si watautoa?"

"Watautoaje, shemeji? Wameenda Igowole kuuliza. Wameambiwa anayetoa ni mwenye laini, aje mwenyewe na dole lake. Mwenye laini ni wewe. Na wewe jina lako limefungwa mpaka kesi iishe." Jailos akakohoa. "Wanasema umekula hela zao."

"Wewe unajua sijala."

"Mimi najua. Wao wameelezwa na mtendaji, na mtendaji ameelezwa na simu."

"Na Mama Tadeo?"

Jailos akaangalia barabarani, kwenye malori ya mbao yaliyokuwa yakipita.

"Huyo ndiye anayeongea kuliko wote," akasema.

Severina alirudi nyumbani kwake, akawa anatakiwa kwenda Mbeya kila mwezi kuripoti. Kila alipokwenda afande alimwuliza kama kumbukumbu imerudi, naye alijibu bado. Hata alipokwisha kujua Verediana anasema nini, alijibu bado. Kuna siku alikusudia kabisa kumtaja. Alifika mpaka kwenye kile kiti, akaufungua mdomo, kisha akaona kwamba Verediana ndiye mtu pekee duniani ambaye bado ana kitu kutoka kwake, ile siri anayomtunzia, hata kama mwenyewe Verediana hajui. Akisema, hata hicho kingekwisha.

Kijijini alipotoa salamu watu walijibu huku wakiangalia chini. Kanisani benchi lake lilibaki na nafasi pande zote mbili. Sare za shule zilipelekwa kwa fundi wa Igowole, na hata zingeletwa asingekuwa na cha kuzishonea. Watoto waliokuwa wakimwita shangazi wakawa wanapita upande wa pili wa njia, wengine wakikimbia kidogo kama wanaopita penye mbwa. Simu yake ilibaki ya kuangalia saa. Kuna siku ilipita hakutoa neno hata moja, na jua lilipokuwa linazama akakohoa kwa makusudi ili asikie kama sauti bado ipo. Ilikuwepo. Akasema "kamwene" kuuambia ukuta, akajionea aibu.

Habari za wenzake zilimfikia kupitia kwa waliokuwa wakiongea nje ya uzio wake wa matete. Kampuni ya chai ilitangaza kwamba asiye na namba ya simu inayofanya kazi atasubiri mpaka ailete. Wakaendelea kuchuma, wakipimiwa na kuandikiwa, malipo yakisubiri. Adrian alikuwa amerudi Igowole na fulana mpya na mashine mpya, ambayo ilisemwa ina macho makali zaidi. Vidole vya Verediana nayo haikuviona.

Hodi ilipigwa siku ya Jumapili baada ya misa. Severina alikuwa amesahau mlango wake unavyolia ukigongwa, akachelewa kuitikia. Alikuwa Happy, binti wa mwisho wa Verediana, amemaliza kidato cha nne mwaka ule, ameshika bakuli la maharage lililofunikwa kwa sahani.

"Shikamoo, shangazi. Mama amesema nikuletee."

"Marahaba, mwanangu." Akalipokea bakuli kwa mikono miwili. Lilikuwa bado la moto.

Kupitia mlango uliobaki wazi aliwaona. Walikuwa wamesimama barabarani nje ya uzio, kundi zima la wachuma chai, wamejifunga mashuka kwa sababu ya ukungu, kila mmoja ameshika simu yake. Verediana alikuwa katikati yao, ametazama upande mwingine. Hakuna aliyevuka uzio.

Happy alisema alichotumwa bila kupumzika, kama mtoto anayesoma somo mbele ya darasa. Kwamba ametimiza miaka kumi na minane. Kwamba ameshapata namba ya kitambulisho cha taifa. Kwamba wote wamekubaliana yeye ndiye awawekee dole, kesho, kwa Adrian, maana hajaanza kuchuma na vidole vyake ni vizima.

"Mama amesema nije kwanza kwako, wewe ndio unajua. Nikuulize kama kuna shida yoyote."

Severina akaitazama mikono ya binti. Ilikuwa mizuri, kucha zimekatwa, ina alama ya wino wa kalamu kwenye kidole kimoja.

"Wamekuambia nini juu yangu?"

"Wamesema ulikosea tu, shangazi. Ulimpa laini mtu usiyemjua."

Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwa Severina. Mtu huyo ni kaka yako, na laini alipewa na mama yako, na mimi ninakwenda Mbeya kila mwezi kwa ajili yao. Angelisema hilo, binti angetoka mbio. Kesho hakuna ambaye angesajiliwa, malipo yangeendelea kukaa yalikokaa, na wale wa barabarani wangeondoka wakijua ni Severina aliyewafungia tena. Mlango huu usingegongwa na mtu mpaka siku ya kumtoa humo. Lilikuwepo na jibu lingine, fupi, hakuna shida mwanangu. Kwa hilo wangevuka uzio wote, na Verediana angevua mabuti, na viti visingetosha. Severina aliona jinsi anavyolitaka jibu hilo, akashtuka.

"Kaa kwanza," akasema. "Nikuchemshie chai."

"Shangazi, wananisubiri."

"Chai haichukui muda. Kaa."

Happy akakaa, kwa sababu amelelewa vizuri. Severina akachochea moto, akabandika sufuria, akalisogeza bakuli la maharage mahali ambapo lisingepoa. Akamwuliza habari za shule. Akamwuliza kama mahindi yao yameota. Binti alijibu kila swali huku akitazama mlangoni. Nje mtu alikohoa, kisha sauti ya Verediana ikaita jina la Happy, si kwa nguvu, mara moja tu.

"Naomba uniambie tu, shangazi," Happy akasema. "Kuna shida, au hakuna?"

Maji yalikuwa yameanza kulia pembeni mwa sufuria. Severina akachota kikombe cha maji ya baridi kwenye ndoo, akayamimina humo ili yakawie kuchemka, yakanyamaza.